Dala ya kwenye daladala haikutoka Marekani

Ukimuuliza mkazi wa Mbagala au Tandale, jijini Dar es Salaam, jina daladala lilitoka wapi, mara nyingi jibu ni lilelile: nauli ilikuwa shilingi tano, na wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi tano. Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni sahihi. Mwaka 1983 Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilikuwa limeelemewa na uhaba wa mabasi, vipuri na mafuta, Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria, na makonda wakainadi nauli kwa jina la sarafu yenyewe: dala, dala! Nusu ya pili haisimami. Mwaka huo dola ilikuwa imeshavuka shilingi kumi kwa bei ya benki, achilia mbali bei ya magendo. Hata shilingi ya Tanzania ilipozaliwa mwaka 1966, dola ilikwenda kwa shilingi saba na senti 14. Tangu tuwe na fedha yetu wenyewe, dola haijawahi kuwa shilingi tano.

Hiyo tano ilitoka wapi, basi? Ushahidi unatupeleka Uingereza. Watu wa kawaida kule, hasa London, waliita shilingi tano dola, na sarafu ya shilingi mbili na nusu wakaiita nusu dola. Kamusi za Kiingereza zinaitaja maana hiyo kuwa ya mitaani, kando ya maana rasmi ya fedha ya Marekani. Ilitokana na hesabu: pauni moja, yenye shilingi 20, kwa miaka mingi ilikuwa sawa na dola nne hadi tano. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, nayo ilifungwa kwenye pauni kwa kiwango hichohicho cha 20 kwa moja. Kuanzia 1940 hadi Septemba 1949 pauni ilikuwa dola 4.03. Gawanya 20 kwa 4.03, unapata shilingi nne na senti 96. Hapo ndipo dola na shilingi tano zilipokutana, kisha pauni ikashushwa thamani na zikaachana moja kwa moja. Naona hoja iliyo na nguvu zaidi ni kwamba dala ni neno la enzi ya Mwingereza lililobaki midomoni mwa watu, likaiangukia sarafu yetu ya shilingi tano ya miaka ya 1970, ile ya pembe kumi yenye sura ya Mwalimu Nyerere, na kutoka kwenye sarafu likapanda gari.

Atakuwepo wa kusema kwamba watu wa mitaani hawakukaa na kikokotoo, na kwao tano au saba ni mamoja. Siafiki. Anayeishi kwa sarafu ndiye anayezihesabu kwa makini kuliko wote, na majina ya fedha katika pwani hii yametunza viwango vya zamani kwa uaminifu wa ajabu. Angalia thumni. Maana yake ni sehemu ya nane, sehemu ya nane ya reale iliyotumika Zanzibar na Mrima karne ya 19. Reale ilipotoweka, thumni ikabaki kuwa senti 50, yaani sehemu ya nane ya shilingi nne zilizochukua nafasi ya reale. Ikiwa thumni iliweza kuishi baada ya reale kufa, dala nayo iliweza kuishi baada ya kiwango kilichoachwa 1949. Wengine watauliza mbona jina halikushika magari kabla ya 1983. Ni kwa sababu gari la abiria hubatizwa kwa nauli ya siku lilipoanza: matatu ya Nairobi inaelezwa ilipata jina kwa mapeni matatu ya senti kumi kumi.

Leo konda wa Mbagala Rangi Tatu bado anadai nauli kwa kugonganisha sarafu kiganjani bila kusema neno, lakini nauli ni mamia ya shilingi, na kijana wa Temeke anajua majina ya fedha ya siku hizi, jero na buku; dala kwake ni gari tu. Waliopokea mshahara kwa shilingi ya Afrika Mashariki wengi wao wamepita miaka themanini. Watunga kamusi wetu wawafuate sasa Kariakoo, Magomeni na Temeke, wawaulize shilingi tano waliiitaje kabla ya Uhuru.