Kufunza riwaya ya watoto: Somo la nguruwe na buibui

RIWAYA ya watoto iitwayo Charlotte's Web, iliyotungwa na Mmarekani E. B. White na kuchapishwa mwaka wa 1952, imefunzwa kwa miongo mingi katika shule za msingi za Marekani. Inamhusu Wilbur, nguruwe mdogo aliyenusurika shoka la mkulima siku aliyozaliwa, kisha akaja kuambiwa na kondoo mzee kwamba ananoneshwa ili achinjwe. Anayemwokoa ni buibui, Charlotte, kwa kusuka maneno ya kumsifu katika utando wake.

Mwalimu wa riwaya hii hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuigeuza kuwa mtihani, kila mojawapo ya sura 22 ikifuatwa na orodha ya maswali. Huko ni kuichinja hadithi kabla ya nguruwe mwenyewe. Mtoto aliyesikia msichana Fern akiuliza baba yake anakokwenda na shoka hutaka kujua yatakayofuata. Kwa hivyo, yafaa mwalimu aisome sura nzima kwa sauti, maswali yaje baadaye.

Isitoshe, kitabu chenyewe ni mwalimu wa msamiati. Charlotte hupenda maneno mazito, na Wilbur asipoelewa humfafanulia papo hapo. Utamu zaidi umo pale panya Templeton anapotumwa jaani kuokota vipande vya karatasi vyenye maneno. Analeta neno la kusifu chakula kinacholia kinapotafunwa. Charlotte analikataa, kwa kuwa litawakumbusha watu nyama ya nguruwe. Analeta jingine, la kitambaa kisichorudi kikifuliwa. Nalo linakataliwa, kwani Wilbur hapaswi kuonekana kama aliyesinyaa. Hatimaye linapatikana neno la kung'aa, kutoka pakiti ya sabuni. Wanafunzi wakitumwa vivyo hivyo kwenye magazeti na pakiti kuukuu, na kutakiwa kueleza sababu ya kuyakataa maneno waliyoyaacha, watajifunza uteuzi wa maneno kuliko kwa kukariri fasili.

Kishawishi cha pili ni kuruka kifo. Katika sura ya 21 Charlotte anakufa peke yake katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, akiwa ameacha mfuko wa mayai 514, ambao Wilbur anaubeba mdomoni hadi nyumbani. White hakuandika hayo kwa kubahatisha. Alifuga wanyama katika shamba lake jimboni Maine, na mwaka wa 1948 alichapisha insha kuhusu nguruwe wake aliyeugua na kufa. Inasimuliwa kwamba aliporekodi riwaya hii kwa sauti yake mwenyewe, mwaka wa 1970, alishindwa mara nyingi kuyasoma maneno ya kifo hicho bila kulia. Basi mwalimu akikatika sauti mbele ya darasa, hana sababu ya kuona haya.

Hata hivyo, maandalizi yanahitajika. Huenda darasani mna mtoto aliyefiwa karibuni. Heri mwalimu amjue mapema, wala asimlazimishe kuzungumza. Sura hiyo isisomwe dakika chache kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Isomwe asubuhi, pamoja na ya 22, ambamo buibui wadogo wanaanguliwa, wengi wanapeperuka na upepo, na watatu wanabaki mlangoni pa zizi la Wilbur.