Wanawake 50 wa Fort Jesus: walipigana vita vya nani?

Haya, leo ni historia, na tafadhali usikimbie. Si ile ya kukariri ya darasani.

Tangu filamu ya The Woman King itoke 2022, wasichana wengi ninaowajua washawahi kuweka picha ya Agojie kwenye simu. Hata mimi. Agojie walikuwa jeshi la wanawake la ufalme wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin, na miaka ya 1890 walipambana na Wafaransa uso kwa uso. Wanawake wenye bunduki na mapanga, hawamwogopi mtu. Nani hapendi?

Lakini kuna kipande ambacho hakiwekwi kwenye picha. Imeandikwa kwamba wengine hawakuingia kwa hiari. Baba akichoshwa na binti mkaidi, au mume akishindwa na mke, alikuwa anaweza kumshtaki kwa mfalme, na yule mwanamke akatiwa jeshini. Yaani hasira zako za nyumbani zinageuzwa silaha ya mtu mwengine. Na ufalme wenyewe ulikuwa ukiuza mateka utumwani.

Niliposoma hivyo nilinyamaza kidogo, sababu mwaka 2023 binti mkaidi nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka 19. Fomu foo nimemaliza, karo ya chuo hakuna, na mamangu hatusemezani. Nikahamia kwa bibi, Kibokoni. Siku moja nikaona tangazo kwenye simu: kazi ya ulinzi ng'ambo, wasichana tu, tiketi juu yao, mshahara mnono. Jina la mwenye kazi halikuwepo, wala sikulitafuta. Nilichokiona mimi ni magwanda na njia ya kuondoka.

Nikamwambia bibi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mjukuu wangu, huko wenda kulinda nyumba ya nani?"

Sikuwa na jibu, basi nikakasirika. Nikatoka, nikafuata Ndia Kuu mpaka Fort Jesus, nikakaa nje pale wanapouza madafu. Ukuta ule nimeuona tangu utotoni, na tangu utotoni nilijua mambo mawili tu juu yake: Wareno walianza kuujenga 1593, na Waomani wakawanyang'anya. Yaliyotokea katikati nilikuja kuyasoma baadaye.

Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome. Ndani walikuwemo Wareno wachache na mamia ya wenyeji waliokuwa upande wao au waliokimbilia humo, wanaume, wanawake na watoto. Kuzingirwa kuliendelea karibu miaka mitatu. Chakula kikapungua, maradhi yakaingia, na maradhi yaliua watu kuliko mizinga. Mwaka 1697 ikafika siku ambapo Wareno waliokuwa wakiilinda walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa skiza vizuri. Wareno wamekufa, na ngome ya Wareno haijaanguka. Nani aliyekuwa akiilinda? Hesabu iliyobaki kwenye historia ni hii: Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50.

Piga hesabu. Watu 76, na theluthi mbili ni wanawake. Walishikilia ngome mpaka Septemba, meli za msaada zilipofika kutoka Goa. Moja ya meli hizo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka uleule. Karibu miaka 280 baadaye wapiga mbizi walishuka kuichunguza, na leo vitu vyake viko kwenye makumbusho mle mle Fort Jesus. Meli ina jina. Daud ana jina. Wale wanawake wana namba: 50.

Najua baadhi yenu mshaanza kuwaza filamu. Agojie wetu! Mashujaa wa Mombasa! Polepole. Mimi sioni kama walikuwa jeshi la kukodiwa, wala sioni kama walikuwa malkia. Naona watu waliofungiwa ndani, wakafiwa na wenzao mmoja mmoja, mpaka bunduki zikakosa mikono mingine ya kuzishika. Wako pia watakaosema walikuwa wasaliti, maana watu wa Mombasa wengi walikuwa washachoka na Mreno. Lakini kumwita mtu msaliti lazima kwanza aweze kuchagua.

Na ile vita ilikuwa ya nani? Mreno na Muomani waligombania bandari, ushuru na biashara ya bahari nzima. Tarehe 13 Disemba 1698 Waomani waliingia, bendera ikabadilika. Wakubwa wa pande zote mbili tunawasoma mpaka leo. Waliobeba usiku ule wa njaa hatujui hata mmoja aliitwa nani.

Ukidhani hayo ni ya zamani, njoo karibu. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa uchunguzi kuhusu Alabuga, eneo la viwanda huko Tatarstan, Urusi. Wasichana wa miaka 18 hadi 22, wengi kutoka nchi za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, waliitwa kwa matangazo ya mitandaoni: tiketi ya bure, mshahara, mafunzo ya kazi kama za hoteli na upishi. Walipofika, wengine wakajikuta kiwandani wakiunganisha droni za kushambulia Ukraine. Na Aprili mwaka huohuo droni za Ukraine zililipiga eneo lile, zikafika mpaka hosteli.

Msichana wa miaka 20 kutoka kwetu, hajui Kyiv wala Moscow, yuko katikati ya vita vya wakubwa wawili. Tofauti na 1697 ni kwamba huyu aliingia kwa tiketi.

Mimi sikwenda. Sitajifanya mwerevu: sikuwa hata na pasipoti, na pesa za kuitafuta nilizila. Kwa mamangu nilirudi baada ya miezi minne, na bado tunagombana, lakini tunagombana kwetu.

Simwambii mtu asitafute kazi nje. Shida ziko, nazijua. Ninachosema ni kwamba ukiwa umevurugwa, kila mlango unaufanana na mlango wa kutokea, na wanaotafuta mikono ya kushika silaha zao wanalijua hilo kabla yako. Basi kabla hujatia sahihi, jiulize swali la bibi yangu. Usipopata jina la mwenye nyumba, kaa kwanza.

Na ukipita Fort Jesus wikendi hii, kabla ya selfi, hesabu moja mpaka hamsini. Polepole, kama unaita watu.