Mkono Ulioshika Voliyumu

Gramafoni haikuwa na voliyumu. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliporekodiwa na kampuni ya HMV mjini Bombay mwaka 1928, santuri zake zikaenea pwani, na mwenye gramafoni aliyetaka kupunguza sauti hakuwa na cha kuzungusha. Alibadilisha sindano. Ziliuzwa kwenye vikopo vidogo vya bati, za sauti kubwa, za wastani na za sauti ndogo: nene ilitikisa kiwambo kwa nguvu, nyembamba kwa upole. Mwenye mashine ya kabati aliweza pia kufunga milango yake, na mwenye ile ya tarumbeta alisokomeza kitambaa mdomoni mwa tarumbeta, basi.

Upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni ng'ambo ya kivuko, Kisauni baada ya daraja la Nyali na Changamwe ukishapita Makupa, sauti haikuwa kamwe shauri la mwenye chombo peke yake. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kila chumba na mpangaji wake, na mara nyingi kuta za ndani hazifiki paani. Hukoma chini yake ili upepo upite. Upepo ukipita, na sauti hupita. Wa chumba cha mbele akifungulia redio, wa chumba cha nyuma kashasikia habari. (Kisauni yenyewe ilishazoea sauti isiyopunguzika tangu zamani: pale Kengeleni pana kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa CMS walikianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani.)

Redio ilikuja na kitufe cha kuzungusha, lakini kwa muda mrefu aliyeamua alikuwa betri. Redio za transista zilipoenea miaka ya 1960, nyumba nyingi zilikuwa bado hazina umeme. Sauti ikipanda, spika hudai nguvu zaidi, na betri huisha mapema. Kwa hiyo mtu alisikiliza taarabu sikio karibu na spika, si kwa adabu tu bali kwa hesabu ya mfuko. Betri zikichoka zilianikwa juani, zikafufuka kidogo, zikamaliza jioni moja au mbili.

Umeme ulipofika, kitufe kikapata uhuru wake, na mafundi wakapata kazi. Wao huita kifaa chote kilicho nyuma ya kitufe voliyumu. Ndani mna utepe wa kaboni uliopinda kama mwezi mchanga, na kijiulimi cha chuma kinachoteleza juu yake. Uerevu wake umo kwenye huo utepe. Sikio la binadamu halijumlishi. Nguvu ikiongezeka mara 10, sikio huhisi sauti imekuwa kubwa kama mara 2 tu. Ndiyo sababu utepe hutengenezwa upande polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Kwenye vipuri vingi vya Asia herufi A ni ya utepe wa namna hiyo, na B ni ya utepe unaopanda sawasawa. Fundi aliyekosa A akabandika B atarudishiwa redio siku ya pili: mwenyewe kagusa tu, sauti imeruka hadi kwa jirani, na sehemu kubwa ya mzunguko uliobaki haifanyi lolote la maana.

Adui wa huo utepe ni vumbi na hewa ya chumvi, na pwani ina vyote viwili. Voliyumu huanza kukwaruza, kisha spika moja hunyamaza mpaka kitufe kisukumwe upande. Fundi hudondoshea spiriti, akazungusha huku na huku, akasikiliza. Kaboni ikiwa imelika, wapo wanaoipaka risasi ya penseli. Hudumu kwa muda, haidumu sana.

Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, ilifanya muziki wa pwani uwe rahisi kumiliki. Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ikawa ghala la taarabu: Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh. Muziki huo husikilizwa kwa maneno. Fumbo likifunikwa na kinanda, hasara ni ya msikilizaji, kwa hiyo sauti ya wastani hutosha. Bango, muziki wa Joseph Ngala, mzaliwa wa Freretown, ni jambo jingine. Saksafoni yake inataka uwanja.

Kisha ikaja sabufa, pamoja na uongo ulioandikwa kwenye boksi. Yapo yanayojigamba kuwa na wati 10,000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele. Soketi ya Kenya ina volti 240 na ampea 13, yaani wati 3,120, na hapo fyuzi iko ukingoni.

Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kwanza, nyaya za intaneti za TEAMS na Seacom zilitua Mombasa kutoka baharini, na muziki wa mtandaoni ukaanza kuwezekana. Spotify yenyewe iliingia Kenya mwaka 2021. Sasa voliyumu ziko mbili, ya simu na ya sabufa, na ya tatu isiyoonekana: Spotify husawazisha nyimbo zote kuelekea kiwango kimoja cha ukubwa wa sauti, LUFS -14, kabla mtu hajagusa chochote. Anayeshusha simu chini kabisa halafu akapandisha sabufa hupandisha na mvumo wa sabufa yenyewe. Heri simu ikae karibu na juu, na mkono ufanye kazi kwenye sabufa.

Jambo la pili la 2009 lilikuwa kanuni za kelele zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Ndani ya nyumba za makazi ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku huanza saa 2. Lakini kipimo kinachotumika, dB(A), kinafuata sikio, na sikio ni zito kwa sauti nzito: mdundo wa hezi 50 hupunguzwa desibeli 30 hivi kwenye hesabu. Huo ndio unaopenya ukuta. Sabufa nyingi huwa na kitufe chake cha pekee cha besi, na anayegonga mlango saa 5 usiku huko Changamwe anakijua: "Jirani, sauti si neno. Punguza besi."