Magadi: kutoka chungu cha makande hadi bomba la moshi

Sokoni Karatu, magadi hupangwa kwa mafungu, vibonge vyeupe vyenye vumbi la kijivu. Anayepika makande hutia kipande kidogo chunguni, maharage yakalainika mapema na kuni zikaokolewa. Watumiaji wa ugoro nao huyachanganya na tumbaku.

Asili ya magadi haiko mbali. Ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna ziwa liitwalo Magadi, na kaskazini yake, katika wilaya hiyohiyo, umesimama Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Mwaka 1962 mwanajiolojia J. B. Dawson aliandika katika jarida la Nature kuhusu lava ya mlima huo, iliyojaa magadi. Hutoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu, kisha unyevu wa hewa huifanya nyeupe.

Upande wa Kenya biashara ilikuwa imeanza zamani. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na shehena zake zikaenda kutengenezea vioo na sabuni.

Viwanda vilikuja kuhitaji magadi kwa kazi nyingine pia: kusafisha moshi. Makaa ya mawe yana salfa, na yakiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na maji angani hugeuka mvua ya asidi. Kituo cha umeme cha Battersea, London, kilichofunguliwa mwaka 1933, kilisafisha moshi wake kwa maji ya mto Thames. Baadaye huko Marekani mitambo ilianza kupuliza unga wa magadi ya asili katika moshi. Magadi huinasa asidi, lakini yakishainasa yamekwisha: hubaki chumvi ya kutupwa, na mzigo mwingine lazima uchimbwe.

Kuanzia miaka ya 1980, Jack Winnick na wenzake wa chuo cha Georgia Tech walijaribu njia nyingine. Walitumia utando uliolowa chumvi iliyoyeyuka kwa joto kali. Umeme huvuta salfa kutoka upande wa moshi, ikavuka utando, ikakusanywa upande wa pili ikiwa malighafi ya asidi ya salfa. Utando hauhitaji magadi mapya kila siku.

Kupunguza uchimbaji wa magadi ni jambo lenye uzito Ngorongoro. Ziwa Natron, chini ya Lengai, ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzalia, wakijenga viota vya udongo juu ya tabaka la magadi. Kiwanda cha magadi kilipopendekezwa hapo, wahifadhi walipinga kwa nguvu, na mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa. Macho ya serikali yakahamia Engaruka, kusini mwa ziwa.