Mzee Ojwang na Sanaa Isiyoandikwa

Mshairi akifariki huacha diwani, na mtunzi wa tamthilia huacha maandishi ambayo mjukuu wa mjukuu wake aweza kuyafungua na kuyasoma. Lakini mchekeshaji atungaye maneno yake papo kwa papo, mbele ya hadhira iliyokwisha keti au mbele ya kamera iliyokwisha washwa, huondoka na kitabu chake kifuani, na sehemu kubwa ya ustadi wake hukaa katika kumbukumbu za wale waliosimama naye na kulazimika kumjibu. Ndiyo maana, kwa rai yangu, heshima ambayo wachekeshaji wa Kenya humpa marehemu Mzee Ojwang Hatari ni heshima ya namna ya peke yake. Sisi watazamaji tulimpenda, wao walimjua.

Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa Benson Wanjau, na alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Kwa muda wa takriban miongo mitatu alikuwa nguzo ya vichekesho vya Kiswahili katika runinga ya taifa, tangu enzi ya Sauti ya Kenya hata baada ya mwaka 1989, shirika hilo lilipogeuzwa kuwa KBC. Kipindi chake mashuhuri kilikuwa Vitimbi, alichocheza pamoja na Mary Khavere, ambaye nchi nzima humwita Mama Kayai, na Joseph Anyona, aliyekuwa Othorong'ong'o Danger, na Sammy Muya, aliyekuwa Masanduku arap Simiti. Majina hayo ya kuigiza yaliwameza wenyewe, hata jirani zao wakasahau majina yao halisi.

Katika vipindi vile, waigizaji aghalabu walipewa kiini cha kisa, na mazungumzo wakayatunga wenyewe kazi ikiendelea. Tuseme kisa ni deni: mume amekopa fedha kwa siri, mkopeshaji yu mlangoni, na mke hana habari. Hayo tu ndiyo waliyojua wote watatu kabla ya kuanza. Nani atasema nini, lini atamkatiza mwenziwe, na uongo wa kwanza utazaa uongo gani wa pili, hayo yalikuwa ghaibu mpaka yatamkwe. Kazi ya namna hii humfedhehesha upesi mtu mchoyo, kwa kuwa atakaye kuchekesha peke yake humnyima mwenziwe neno la kushika, na mchezo hufa mikononi mwao wote wawili. Adhama ya Mzee Ojwang ilikuwa katika kupokea. Neno lolote alilotupiwa, hata liwe dhaifu au limepotea njia, alilishika kana kwamba ndilo alilokuwa akilingojea tangu asubuhi, akastaajabu, akakasirika, akalijibu kwa ile lafudhi yake, na aliyelitupa akaonekana hodari kuliko alivyokuwa. Mtazamaji hucheka bila kuyaona hayo. Mchekeshaji mwenziwe huyaona, na hayasahau, maana ndiye aliyeokolewa.

Huku Bahati, juu ya barabara itokayo Nakuru kwenda Nyahururu, hadhira ya Vitimbi ilikuwa kubwa kuliko idadi ya runinga zilizokuwapo. Ilikuwa ada ya miaka ile, kabla ya umeme kufika katika mashamba mengi, runinga ndogo isiyo na rangi kuendeshwa kwa betri ya gari, na jirani kukusanyika katika nyumba moja, watoto chini na wazee vitini. Na wazee waliokijua Kiswahili cha kazini tu, walichokiokota katika mashamba ya walowezi au katika reli, walimfuata Mzee Ojwang bila taabu, kwa sababu naye alizungumza Kiswahili cha mtu aliyekiokota njiani. Tena alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo, na aliigiza kwa ukamilifu hata wengi wakaapa kuwa ni mzaliwa wa Nyanza. Jambo hili, ambalo kwingine lingekuwa sifa ya ulimi tu, lina uzito wake katika wilaya zetu za Bonde la Ufa, ambako mwezi wa Januari 2008 watu walifukuzana na kuuana kwa sababu ya lugha walizozaliwa nazo. Sisemi kwamba kichekesho chaweza kuzuia panga. Nasema kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo nyumba za kabila zote zilimcheka mzee mmoja usiku mmoja, na hakuna aliyejiona ametukanwa, kwa kuwa mchezaji alimpenda mtu aliyemwigiza.

Sanaa hii haikuanza naye. Zama za ukoloni walowezi wa Nakuru walikuwa na jumba lao la maigizo, Nakuru Players, na Nairobi ikapata Jumba la Maigizo la Taifa mwaka 1952. Lakini katika majumba hayo walicheza tamthilia zilizoandikwa, kwa Kiingereza, na mwenye kusahau mstari wake alinong'onezwa kutoka pembeni. Vichekesho vya Kiswahili vilikua kando, katika redio na katika majukwaa ya muda, na kina Kipanga na Mzee Pembe walikwisha kuvifanya vipendwe kabla Mzee Ojwang hajajulikana.

Kwa jirani zetu wa Tanzania taadhima ya namna hii alipewa Amri Athumani, yaani King Majuto, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, aliyepanda jukwaani mwaka 1958 angali mtoto. Alipokwisha kuwa mzee, filamu za Kiswahili zilipoanza kuuzwa kwa wingi katika kanda na santuri, vijana waliomtazama tangu utotoni wakawa humwalika katika kazi zao, naye akaitikia kama mgeni wa heshima asiyejua kukaa kama mgeni. Miongoni mwa waliocheza naye ni Sharo Milionea, kijana aliyefariki ajalini mwaka 2012, ambaye majivuno yake ya kuigiza yalipata maana kamili kila yalipokutana na ukaidi wa mzee huyu. King Majuto alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 2018, na Rais wa nchi alikuwa miongoni mwa waliofika kumuaga.

Wengine walikwisha kuona hatari ya sanaa isiyo na maandishi, wakaifanyia hima. Mjini Chicago, Del Close, aliyefariki mwaka 1999, aliwafundisha vijana kutunga mchezo mzima kutokana na neno moja la mtazamaji. Wanafunzi wake wakashirikiana naye kutoa kitabu cha kanuni zake mwaka 1994, kisha wakaanzisha tamasha la kila mwaka kwa jina lake. Karibu nasi zaidi, mjini Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili cha Katanga bila maandishi kwa miongo mingi; na mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian, akiwa mgeni wao, aliwauliza maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, nao badala ya kumjibu wakamtungia mchezo. Yeye akarekodi majadiliano yao, mazoezi yao na mchezo wenyewe, akayaandika yote neno kwa neno katika kitabu cha mwaka 1990. Msomaji wa leo aweza kuona humo jinsi wazo lilivyozaliwa, likakataliwa, likarudi kwa kinywa cha mtu mwingine.

Sisi hatuna kitabu kama hicho juu ya Vitimbi. Tuna vijana waliorithi njia: Redykyulass walioigiza wakubwa wa serikali mwishoni mwa miaka ya 1990, na baada yao kikundi cha Because You Said So cha Nairobi, ambacho huiachia hadhira iamue mchezo uwe juu ya nini. Hao wana haki ya kusoma kazi ya mzee wao kama mwanafunzi wa ushairi asomavyo Muyaka.

Kwa hiyo nawaomba KBC waorodheshe kanda zote za Vitimbi, na za kipindi chao kingine cha vichekesho, Vioja Mahakamani, zilizosalia katika maghala yao, wazihamishe katika hali isiyooza, na waziweke pahala ambapo mwananchi aweza kuzitazama bila kuomba kibali. Nawaomba walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu, Egerton kule Njoro wakiwa wa kwanza kwa kuwa ndio jirani zetu, wawaendee waliocheza na Mzee Ojwang ambao wangali hai, wawaulize kisa kwa kisa jinsi kila mchezo ulivyojengwa, na wayaandike majibu. Na wewe msomaji wa Kabatini, wa Maili Kumi au wa Subukia, ukiwa na kanda ya zamani uliyorekodi nyumbani, usiitupe.