Ushahidi wa Maji ya Uti wa Mgongo

Kuna ugonjwa, ewe msomaji, uitwao maltipo skilerosisi, maana yake makovu mengi. Leo humtia mtu giza la jicho, kesho humlegeza miguu. Jean-Martin Charcot wa Paris aliueleza waziwazi mwaka wa 1868, akiyachunguza makovu hayo katika ubongo wa maiti. Lakini aliye hai atatambuliwaje?

Mwaka wa 1891 Mjerumani Heinrich Quincke alionyesha jinsi ya kuyateka kwa sindano maji yauzungukayo uti wa mgongo. Mwaka wa 1942 Elvin Kabat na wenzake, huko New York, waliyapima, wakakuta kingamwili, askari wa mwili, zimezidi kwa wagonjwa wengi.

Je, zilitoka katika damu? Wataalamu waliyalinganisha maji na damu kwa nguvu za umeme, ambazo huzipanga kingamwili katika mistari. Mistari mingine ilionekana katika maji tu. Basi zilizaliwa humo humo, ndani ya makao ya ubongo.

Kaswende ya ubongo nayo huweza kuleta mistari hiyo, kwa hiyo haitoshi peke yake. Lakini tangu mwaka wa 2017 kanuni za kimataifa zimekubali kwamba, ikiungana na picha za ubongo, mgonjwa aweza kutambuliwa tangu pigo la kwanza, asingoje la pili.