Mbwa mkali barabarani: namna ya kumfikisha kwenye chanjo bila kuumiza mtu

Hapa Bunagana, kama vile Rutshuru na Goma, mbwa wengi ni walinzi wa parseli. Mchana anafungwa nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa. Siku ya chanjo inapofika, pengine ndiyo mara ya kwanza kwa mwaka mzima anatoka barabarani. Anakutana na malori yanayoelekea mpakani Uganda, mbuzi, motari, na watoto wanaomfuata na mawe. Anabweka, anaruka, anavuta kamba. Watu wanapiga makelele. Mwenye mbwa anaona haya, anarudi nyumbani, na mbwa anabaki bila chanjo.

Hapo ndipo hatari iko. Kichaa cha mbwa, kile wengi wetu tunaita raje, kinapita kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hadi 99% ya watu wanaopata ugonjwa huu wameupata kwa mbwa, na kwamba 70% ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuenea.

Kwa nini anakuwa mkali?

Mara nyingi ni woga. Mbwa aliyefungwa kamba hawezi kukimbia, kwa hiyo anajaribu kufukuza kile kinachomtisha. Kabla ya kuruka anaonyesha alama: mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala nyuma, mwili unakauka, nywele za mgongo zinasimama. Ukiona hivyo, ongeza umbali. Mbuzi akiwa hatua 30 mbwa anaweza kutulia. Akiwa hatua 10 hasikii tena sauti yako.

Kwa mwenye mbwa

Anza siku chache kabla. Mzoeze kamba ndani ya parseli, kidogo kidogo, na kila anapotembea bila kuvuta mpe kitu anachopenda: tonge la bugali, ao kichwa cha sambaza. Usimpige. Fimbo inamfundisha kwamba mtu akipita, maumivu yanakuja.

Siku yenyewe, toka asubuhi mapema, na epuka njia ya soko siku ya soko. Kamba iwe fupi na ya nguvu, lakini usiizungushe kwenye mkono, juu akiruka inaweza kukuvunja kidole ao kukuangusha. Usimtume mtoto kumpeleka. Ukiona motari ao mbwa mwingine anakuja, vuka barabara mapema, ao simama nyuma ya ukuta ao gari lililosimama mpaka apite. Ukifika, usisukumane kwenye mstari. Ngojea pembeni, umwambie veterinere kwamba mbwa wako ni mwoga.

Kufunga mdomo kwa kitambaa ni kwa dakika chache tu za sindano. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi. Ukimfunga njia nzima anaweza kuzimia.

Kwa wapita njia

Kazi hii si ya mwenye mbwa peke yake. Jiwe moja la mtoto linaharibu mazoezi ya juma zima. Ukikutana na mtu anaongoza mbwa mwenye woga:

– Usikimbie, usimkazie macho, usinyooshe mkono kumgusa.
– Simama upande, mikono chini, umwachie njia.
– Motari, punguza mwendo na usipige honi karibu naye.
– Mzazi, zuia watoto. OMS inaeleza kwamba karibu 40% ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na raje ni watoto chini ya miaka 15.
– Kama mbwa wako anazunguka bila kamba, kusema «usiogope, haiumake» hakutoshi. Wako anaweza kuwa mpole, lakini yule mwenye woga ndiye atauma. Mshike.

Mwenye mbwa naye aseme mapema, kwa heshima: «Papa, ngoja kidogo, imbwa inaogopa.» Wengi wanakubali wakiambiwa kabla.

Akiuma mtu

Osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Usipake majivu, pilipili ao dawa ya majani. Nenda sentre ya afya siku ileile, uombe chanjo ya raje. Sindano ni zaidi ya moja. Usiache katikati juu kidonda kimepona.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe salama, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, inaonyesha hakuwa anatoa virusi siku aliyouma. Lakini aliyeumwa asingojee siku hizo ziishe ndipo aende kutibiwa. Mbwa akitoroka pia, mtu aende.

Tofautisha ukali na ugonjwa. Mbwa aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, akitoka mate mengi, akishindwa kumeza ao akiyumba, usimtembeze kabisa. Kaa mbali naye na umjulishe veterinere ao mkubwa wa mtaa.